Ndizi mbichi haifunuliwi kila asubuhi: barua ya wazi kwa wakuu wa Colts kuhusu Anthony Richardson

Indianapolis, Aprili 2023

Kwa Mzee Jim Irsay, mwenye timu ya Colts, mpira wa Kimarekani. Bwana Chris Ballard, meneja mkuu. Na Kocha Shane Steichen.

Mzee Irsay, shikamoo. Bwana Ballard, Kocha, salaam.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mpira nauwaza kwa Kiswahili. Nikiandika Kiingereza huwa nasema kile ninachoweza kukisema, si kile ninachotaka. Mkihitaji mtu wa kuwasomea hamtakosa. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, na kwenye zamu yangu peke yake tupo sita: mimi wa Moshi, Mkenya mmoja, na Wakongo wanne ambao nusu saa ya mapumziko wanaimaliza kwa kubishana kuhusu timu yenu.

Kabatini kwangu zipo jezi tatu zenu, zote za makwotabeki, yaani wale wanaoongoza mashambulizi na kurusha mpira. Ya kwanza ni ya Andrew Luck, namba 12. Ya pili ya Carson Wentz, namba 2. Ya tatu ya Matt Ryan, naye namba 2, na mke wangu alisema ningebandua jina tu nikaokoa pesa. Kwa hiyo msinione ni mtu wa mtandaoni anayewatukana bila gharama. Nimelipia haki ya kuandika.

Tarehe 27 mwezi huu, kule Kansas City, mtaitwa katika nafasi ya nne ya drafti, siku ambayo timu za ligi yetu, NFL, zinachagua vijana wa vyuo kwa zamu. Carolina wamepanda hadi nafasi ya kwanza kwa kuwapa Chicago mali nyingi, Houston ni wa pili, Arizona ni wa tatu na wao tayari wana kwotabeki, Kyler Murray. Makwotabeki Bryce Young wa chuo cha Alabama na C.J. Stroud huenda wakawa wameshaondoka zamu yenu ikifika. Mzee, najua ulimsifu yule kijana wa Alabama mbele ya waandishi mwezi Februari. Nadhani huyo msahau. Watakaobaki mezani ni Will Levis wa Kentucky, na huyu anayenikosesha usingizi wa mchana: Anthony Richardson wa Florida.

Nianze na kinachowavutia, maana hata mimi kimenivutia. Mwanzoni mwa Machi kijana huyu alikuja kupimwa hapa hapa, kwenye Lucas Oil Stadium, nyumbani kwenu. Ana urefu wa futi 6 na inchi 4, na uzito wa ratili 244, yaani kilo 110 hivi. Kilo 110 nyumbani kwetu tunazikuta kwenye gunia la mahindi, hatuzikuti zikikimbia. Huyu alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.43. Akaruka juu inchi 40 na nusu, akaruka mbele futi 10 na inchi 9, na hakuna kwotabeki aliyewahi kupimwa pale akaruka hivyo. Mkono wake unapeleka mpira yadi sitini kama anayemrushia mtoto chungwa. Na hajafikisha miaka 21.

Sasa upande wa pili. Msimu uliopita alirusha pasi 327 na zilizofika ni 176. Hiyo ni asilimia 53.8, na kwa kwotabeki wa siku hizi hiyo ni alama ya kurudia darasa. Tachidauni, yaani mabao, 17 za kurusha, pasi 9 zilizonaswa na adui. Katika maisha yake yote ya chuo ameanza mechi 13 tu. Wako wanaoingia drafti wakiwa wameanza arobaini.

Lakini takwimu za msimu mzima zinamficha kijana huyu. Mtazameni kwa mwezi mmoja wa Septemba 2022. Wiki ya kwanza Florida walicheza na Utah, wakashinda 29 kwa 26, na Richardson akakimbia yadi 106 na kufunga tachidauni tatu kwa miguu yake. Nilikuwa nimekaa na simu kwenye chumba cha kupumzikia nikapiga kelele hadi msimamizi akaja kuuliza nani ameumia. Wiki iliyofuata walicheza na Kentucky. Pasi 35, zikafika 14. Mbili zikanaswa, moja ikarudishwa hadi mwisho wa uwanja. Wiki mbili baadaye, ugenini Tennessee, akarusha yadi 453 na timu yake ikafungwa. Mtu huyo huyo, mwezi huo huo.

Mimi hiyo siiti bahati nasibu. Ukirudia mechi zake polepole utaona jambo lenyewe: mkono hauna tatizo, tatizo ni miguu. Pale miguu inapokaa sawa, mpira unakwenda unakotumwa, hata yadi hamsini. Pale presha inapomfikia anarusha akiwa amesimama vibaya, na ile pasi fupi ya yadi tano, ya kumpa mtu mkononi, anaipiga kama anafukuza nyani shambani. Mpokeaji hana muda hata wa kufungua viganja. Kosa la namna hiyo linafundishika. Halifundishiki kwa wiki sita.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kila skauti, mtafuta vipaji, anayempigia debe Richardson anasema maneno hayo kwa lugha yake. Ila methali ile ina kitu ambacho watu hawakisemi: inahitaji mkunjaji. Samaki hajikunji mwenyewe. Mimi nimekuja kuwaulizia ninyi, si yeye.

Kwetu Kilimanjaro mbege, pombe yetu, inaanza na ndizi. Inakatwa mbichi, inavundikwa. Inafunikwa kwa majani makavu mahali penye joto, halafu inaachwa. Mama yangu mkubwa alikuwa fundi wa kazi hiyo, na mtu aliyemtia hasira kuliko wote ni yule aliyepita kila asubuhi kufunua kidogo aone zimefikia wapi. Ukifunua, joto linatoka. Ndizi haiivi, wala haibaki mbichi. Inakuwa ngumu huku na laini kule, haifai kwa mbege, haifai hata kwa kupika. Nilipigwa kwa kosa hilo nikiwa na miaka saba, kwa hiyo nalizungumza kama mhusika.

Wakubwa wangu, mwaka jana mlifunua kila asubuhi. Mlianza na Ryan. Oktoba mkamweka benchi, akaingia Sam Ehlinger, akacheza mechi mbili. Novemba mkamfukuza Kocha Frank Reich, mkamleta Jeff Saturday, mtu tunayempenda sana kama mchezaji lakini ambaye hakuwahi kufundisha juu ya shule ya sekondari, na Ryan akarudi. Kisha Nick Foles. Kisha Ehlinger tena. Katikati ya hayo kuna ile siku ya Minnesota ambayo mliongoza 33 kwa 0 hadi mapumziko, mkapigwa 39 kwa 36, na hakuna timu katika historia ya NFL iliyowahi kupoteza uongozi mkubwa namna hiyo. Mkamaliza mmeshinda nne, mmefungwa kumi na mbili, sare moja. Sisemi haya kuwakumbusha kidonda. Nasema kwa sababu nyumba iliyobadilisha kwotabeki mara zote hizo ndani ya miezi mitatu ndiyo sasa inafikiria kuvundika ndizi mbichi kuliko zote sokoni.

Naelewa mlivyofika hapo. Tangu Luck alipotangaza kustaafu usiku ule wa tarehe 24 Agosti 2019, kila msimu umefunguliwa na mtu mpya: Jacoby Brissett, Philip Rivers, Wentz, Ryan. Watatu wa mwisho mliwanunua wakiwa wameiva. Na mbivu ya sokoni inaliwa siku hiyo hiyo. Rivers alitupa ushindi 11 mwaka 2020, akastaafu. Kwa hiyo nakubaliana nanyi kwamba safari hii lazima tupande wenyewe. Bwana Ballard, huenda hilo ndilo jambo pekee ambalo mji mzima unakubaliana nawe.

Kila mwenye kumtetea Richardson atakutajia Josh Allen, na ana haki. Allen alitoka Wyoming mwaka 2018 akiwa hivi hivi: mkono wa mzinga, pasi zisizofika, asilimia 56 hivi chuoni. Buffalo wakamchukua wa saba. Mwaka wa kwanza asilimia 52.8. Wa pili 58.8. Wa tatu 69.2. Watu wanasoma namba hizo kama muujiza. Mimi naona watu wawili hawakubadilika miaka yote mitatu: kocha mkuu Sean McDermott, na Brian Daboll aliyeshika ushambuliaji. Kijana alifundishwa lugha moja miaka mitatu. Na mwaka ule wa tatu walikuwa wamemletea Stefon Diggs wa kumpokelea. Hizo asilimia kumi na sita hazikudondoka kutoka mbinguni.

Wanaompinga watakutajia JaMarcus Russell, wa kwanza mwaka 2007, aliyeachwa na Raiders kabla ya msimu wa nne. Huyo sitaki kumjadili, mambo yake yalikuwa mengine. Mfano unaoniogopesha mimi ni wa juzi: Trey Lance. San Francisco walitoa chaguo tatu za raundi ya kwanza kumpata mwaka 2021, akiwa ameanza mechi 17 tu kule North Dakota State, tena mwaka 2020 alicheza mechi moja. Mwaka wa kwanza akakaa nyuma ya Jimmy Garoppolo, akaanza mara mbili. Mwaka wa pili akapewa timu, na mechi ya pili kifundo cha mguu kikavunjika. Leo anayeongoza timu ile ni Brock Purdy, mtu wa mwisho kabisa kuchaguliwa katika drafti ya mwaka jana, nafasi ya 262. Lance hakushindwa kucheza, hakucheza. Kijana asiye na mechi alipelekwa mahali ambapo hakupata mechi, kisha siku moja akaambiwa twende.

Na hapa nikiri jambo. Nilipoanza barua hii, nilitaka kuwaambia kwa sauti kubwa: mchukueni, mwaka 2023 asiguse uwanja. Nilikuwa na mifano yangu mkononi. Patrick Mahomes wa Kansas City alikaa mwaka mzima nyuma ya Alex Smith, akaanza mechi moja tu ya mwisho. Steve McNair, wa tatu mwaka 1995, alianza mechi sita katika misimu miwili, na baadaye akawa mchezaji bora wa ligi. Gardner Minshew mmemsajili mwezi uliopita, ni mtu mzima, acheze yeye.

Halafu nikamkumbuka Peyton Manning, nikaona aibu. Mji huu huu, mwaka 1998. Manning alianza mechi zote 16 za mwaka wake wa kwanza, pasi 28 zikanaswa, timu ikashinda tatu na kufungwa 13. Hakuna aliyemtoa. Mwaka uliofuata wakashinda 13. Manning alikuja akiwa ameiva kuliko Richardson, hilo najua, ila hoja inabaki: mtu mwenye mechi 13 utamwongezeaje ujuzi kwa kumkalisha? Mazoezi ya timu kubwa yanagawiwa, anayeanza ndiye anapata karibu yote, wa pili anashika ubao. Allen mwenyewe alianza mechi 11 mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo nimebadilika katikati ya barua, na sifuti nilichoandika juu. Wino ni wangu. Akae au acheze, naona kote kuna njia. Njia ambayo sikuona mtu aliyetoka salama ni ya tatu, ya kumchezesha hadi akosee halafu kumtoa, kumrudisha timu ikifungwa na mwingine, kumtoa tena. Hiyo ndiyo njia mliyoizoea.

Nilikuwa na timu ya vijana Moshi kabla sijaja huku, mpira wa miguu wa kwetu. Kulikuwa na mtoto wa miaka 16, winga, ana mbio ambazo sijaona tena. Alikuwa hajui bado kuinua kichwa. Siku ya mechi ya tarafa, watu wamejaa, wakaanza kuimba jina lake, nami nikasikiliza watu. Nikamwingiza. Akapoteza mpira mara mbili, ya pili tukafungwa. Nikamtoa kabla ya mapumziko, mbele ya baba yake. Hakuacha mpira siku ile; aliendelea kuja mazoezini mwaka mzima. Ila tangu hapo alikuwa akipata mpira anautoa haraka kwa mtu wa karibu, kama unamchoma. Zile mbio zikawa hazina kazi. Nimewaza sana kama kosa langu lilikuwa kumwingiza au kumtoa. Nadhani ni kwamba niliyafanya yote mawili ndani ya dakika 30.

Kocha Steichen, wewe ndiye sababu sijakata tamaa. Jalen Hurts wa Philadelphia, ulikotoka, alirusha kwa asilimia 52 mwaka wake wa kwanza. Mikononi mwako akapanda hadi 61.3, kisha 66.5, na Februari mlikuwa mnacheza Super Bowl, fainali ya ligi. Ulimjengea mashambulizi yanayotumia miguu yake ili macho yake yapate kazi rahisi, badala ya kumlazimisha awe mtu mwingine. Ulikuwa pia na Justin Herbert kule Chargers mwaka 2020, kwa hiyo unajua mipango ya kumkalisha kijana inavyovunjika: Tyrod Taylor alitobolewa pafu na sindano ya daktari, na Herbert akaambiwa unaanza muda mfupi kabla ya mpira kupigwa. Usinipe mpango ambao unategemea Minshew asiumie.

Jambo la miguu lina hatari yake. Atakapokuwa hajaona mpokeaji, atakimbia, na atafunga, na sisi tutasimama kwenye viti. Mwaka huu wa kwanza msizihesabu tachidauni zile kama maendeleo. Alikimbia yadi 81 dhidi ya chuo cha LSU bila kukamatwa, NFL wanakamata. Mji huu tulishawahi kumwacha kwotabeki apigwe. Luck alipasuka figo mwaka 2015, bega likamkosesha msimu wote wa 2017, na alistaafu akiwa na miaka 29 huku baadhi yetu uwanjani wakimzomea. Mimi nilikuwepo usiku ule. Sikuzomea, lakini sikumnyamazisha aliyekuwa pembeni yangu. Kilo 110 hazizuii bega kutoka. Kabla hamjamtafutia Richardson mchezo mmoja wa kukimbia, mtafutieni mtu wa kumlinda upande wa kushoto.

Mzee Irsay, sasa nazungumza nawe, na naomba radhi mapema kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu. Pesa haitakuwa tatizo. Sheria ya 2011 ya mishahara ya wachezaji wapya ilishakusaidia: Sam Bradford aliyeingia mwaka mmoja kabla yake alihakikishiwa dola milioni 50, Cam Newton mwaka uliofuata akapata 22. Huyu atakuwa na mkataba wa miaka minne, nanyi mna haki ya wa tano. Kitakachokosekana ni miezi. Kaa na hawa wawili kabla ya tarehe 27, andikeni kwenye karatasi moja: mechi ya kwanza ataanza nani, akianza Richardson, ni mechi ngapi mbaya mfululizo ambazo hazitabadilisha chochote, na nani peke yake mwenye ruhusa ya kusema atoke. Nadhani jina hilo la mwisho liwe la Kocha, lisiwe lako. Namba ya mechi mimi ningeandika 17, yaani zote. Mkishindwa kuandika namba hiyo bila mkono kutetemeka, mchukueni Levis, au shukeni chini mkachukue mlinzi wa mstari wa mbele, na hakuna atakayewalaumu zaidi ya anavyowalaumu sasa.

Mkiweza kuiandika, mchukueni. Nimeyapima yote na hapo ndipo nilipofika. Kati ya wale watakaobaki, ni yeye tu ambaye siku akiiva hakuna timu ya kundi letu itakayokuwa na dawa yake, na mimi nimechoka kula mbivu za watu.

Usiku wa drafti nitakuwa zamuni. Tumeshapanga na yule Mkenya kwamba simu itasimamishwa juu ya boksi, kipaza sauti chini, na akitangazwa Richardson mimi nanunua chakula cha watu wote sita. Duka la jezi litafunguliwa asubuhi yake na foleni itakuwepo, naijua. Mimi sitakuwemo. Ya kwake nitainunua mwaka wa pili, na nawaomba sana isije ikawa namba 2.

Wenu,
Mkazi wa Indianapolis, mzaliwa wa Moshi, mwenye jezi tatu